Dhamana Inaishia Getini

Hapa Babati ukiibiwa kuku, njia inajulikana. Unapiga yowe, balozi anatoka na tochi, vijana wa bodaboda wanaziba barabara ya Bonga na ya Magugu, na kabla ya alfajiri manyoya yameonekana. Ukigombea kiwanja, njia inajulikana pia: kuna baraza la kata la kuwasuluhisha, na likishindwa kuna Baraza la Ardhi na Nyumba. Lakini fundi akikuharibia gari, mtaa mzima, kuanzia mchungaji hadi muuza vocha, utakupa ushauri mmoja tu: "Mrudishie fundi aangalie."

Aangalie nini? Si ndiye aliyeangalia mwanzo?

Gereji yenyewe siitaji. Mji ni mdogo, mwenye gereji tuko naye kwenye chama kimoja cha kuzikana, na hajulikani nani kati yetu atatangulia. Sitaki jeneza langu lije lichelewe kwa sababu ya gasketi.

Noah yangu ilikuwa ikipanda mlima inachemsha. Si sana; mshale wa joto unapanda kidogo, unasita, unashuka. Nikaipeleka. Fundi akafungua boneti, akainamisha sikio, akafumba macho, akamwambia kijana wake apige resi. Kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

"Bosi, hii imeua gasketi ya hedi."

Nikamuuliza imekufa kwa nini. Swali hilo mafundi hawalipendi.

"Vitu vinachoka, bosi."

Nami nakubali, vitu vinachoka. Ila gasketi ya hedi mara nyingi inauawa na joto, na joto halizuki lenyewe: ama rejeta imeziba, ama feni haizunguki, ama pampu ya maji imechoka. Ukibadilisha gasketi bila kumtafuta muuaji, umemwandalia maiti mwingine. Nilisema hivyo, kwa adabu. Fundi akanitazama kwa huruma ile wanayopewa wateja wanaosoma vitabu, akaniomba hela ya spea.

Kazi ilifanyika mbele ya macho yangu. Hedi ya aluminiamu ikishapata joto kali hupinda, kwa hiyo ilipaswa iwekewe rula ya chuma ipimwe, na ikionekana imepinda ipelekwe kwa wachongaji ikasawazishwe. Fundi aliipima kwa kiganja. Akaipapasa mbele, akaipapasa nyuma, akafumba jicho moja. "Iko vizuri hii." Bolti za hedi nazo zina utaratibu wake: unaanza kukaza za katikati ukienda nje, kwa awamu, kwa spana yenye kipimo, ile inayolia nguvu ikifika. Kwetu spana haikulia. Aliyelia ni saidia fundi. Alichomeka kipande cha bomba la maji kwenye mpini, akaning'inia nacho mpaka bolti ikaguna, na fundi, huku anajibu simu, akasema, "Hapo hapo, usiongeze."

Halafu ikaja zamu ya themostati. Akaichomoa, akaniinulia juu nione. "Hiki wanaweka Wajapani kwa sababu kwao kuna baridi. Huku kwetu kinatusumbua bure." Ilikuwa Julai. Upepo unashuka kutoka mlima Kwaraa, yeye amevaa koti juu ya ovaroli na kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, na mimi mikono imegoma kutoka mfukoni. Kazi ya kidude kile ni kuyazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto lake, nyuzi themanini na kitu, ndipo kinafunguka. Akakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Ndoo ile, nimekuja kujua baadaye, ni duka.

Wakati wa kulipa niliomba risiti. Naomba niandikwe mahali kwamba niliomba, maana kila niliyemlalamikia baadaye aliuliza kwanza kama niliomba. Wimbo wa TRA wa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, naujua kuliko wa harusi yangu. Gereji nzima ikanyamaza. Fundi akachana mfuniko wa boksi la filta ya oili, akatafuta kalamu, akaandika: gasketi, oili, ufundi, mengineyo. Mengineyo yalikuwa elfu arobaini, yameizidi hata gasketi yenyewe. Nikauliza dhamana.

"Bosi, mimi nipo. Siendi popote."

Na ni kweli, hajaenda popote. Gari ndilo lililokataa kwenda.

Kabla sijaondoka nilimwambia, mbele ya watu, kwamba Jumamosi nalipeleka Kondoa kwenye send-off ya binti wa dada yangu, na nimebeba sare za kamati nzima. Akacheka. "Kondoa? Hii hata Kampala inafika." Yashike maneno hayo, yatatufikisha Uingereza.

Barabara ya kwenda Kondoa siwezi kuisingizia. Kutoka Babati hadi Dodoma ni lami, kilomita 251, Rais Magufuli aliizindua mwaka 2018, na ukiamka mapema unakula chakula cha mchana makao makuu. Sisi hatukufika mbali hivyo. Katika kupanda kwenda Bereko mshale ulipaa, na safari hii haukusita. Moshi mweupe nyuma, mvuke mbele, katikati mama watoto amekumbatia vitenge vya kamati ananitazama bila kusema kitu, na wanaume wenzangu wanajua kutazamwa hivyo ni ghali kiasi gani.

Ukifungua boneti kando ya barabara, mafundi wanaota. Kijana wa bodaboda akasema mwaga maji ya baridi haraka. Mzee mwenye ng'ombe akasema usithubutu kufungua rejeta, utaungua uso. Mama aliyekuwa anauza miwa, hata hakusimama, akasema, "Hiyo hedi hiyo, baba. Ya shemeji yangu ilifanya hivyohivyo." Nikachomoa kijiti cha oili: imekuwa chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili, oili imeingia kwenye maji, na laki zangu zimeingia kwenye vyote viwili.

Tulivutwa kwa kamba nyuma ya lori lililokuwa linarudi Babati tupu. Nikaenda wapi? Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili. Nilikwenda kwa fundi yuleyule. Gari halitembei, chombo cha kulivuta nalipia mimi, na mahali pekee panapolijua tumbo lake ni kwake. Sijui ugomvi mwingine ambao mdai anabeba ushahidi wote kwa gharama zake, anauingiza uani kwa mdaiwa, anamkabidhi na funguo.

Na sheria iko upande wa nani? Nilikaa kibarazani na mtoto wa jirani anayesomea sheria Mzumbe, akanifungulia Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, tuliyonayo tangu 1961 na ambayo kwa sehemu kubwa ilitokana na ile ya Wahindi ya 1872. Mle ndani mtu aliyeifanyia mali yako kazi ya ufundi ana haki ya kuishikilia mpaka umlipe. Maana yake fundi asipolipwa ana rehani yenye matairi manne. Mteja akipewa kazi mbovu anashikilia nini? Mfuniko wa boksi la filta. Ndiyo maana fundi ana utulivu wa moyo na mimi nina shinikizo la damu.

Sasa msikilize fundi akijitetea, maana wana mpangilio wao kana kwamba wamesomea darasa moja. Kwanza anauliza ulikuwa unakimbia spidi ngapi. Pili, uliongeza maji ya wapi, ya bomba au ya ziwani? Nikamwambia Ziwa Babati nimewaachia viboko. Tatu, anaitilia shaka spea, ingawa alikwenda kuinunua mwenyewe. Nne, anaingia kwenye falsafa: "Bosi, lile tatizo la kwanza lilipona kabisa. Hili ni tatizo jipya." Yaani gasketi ileile, hedi ileile, maji yaleyale, ila tatizo ni geni, limehamia juzi.

Kwenye duka la spea waliligeuza boksi, wakaninyooshea bango ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Muuzaji akasema gasketi ni jenuini, fundi ndiye hajui kufunga. Fundi akasema yeye anajua kufunga, gasketi ndiyo kopi. Kila mmoja ananituma kwa mwenzake, na nauli ya bodaboda ni yangu. Kinadharia kuna Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, na kumlinda mlaji ni moja ya kazi zake. Ukiuziwa bidhaa bandia una pa kulalamika. Ila lazima kwanza ujue kama ni gasketi iliyokudanganya au ni fundi, na wa kukuambia hilo ni fundi mwingine.

Basi nikamtafuta fundi mwingine aje alione palepale uani. Akafungua boneti, akarudi nyuma hatua moja. "Mzee, nani aliyekushikia hii gari?" Kila fundi duniani hulianza neno hilo kwa sauti ileile ya msiba. Akanionyesha hedi ilivyopinda, akanionyesha bolti moja imekazwa hadi imechoka na jirani yake inazungushwa kwa vidole, akashika kichwa, akasema huyu aliyefanya hivi si fundi, ni adui. Moyo wangu ukafurahi. Nikamwomba aniandikie hayo hayo kwenye karatasi, aweke na sahihi.

"Aa, hapana, mzee wangu. Yule ni ndugu yangu. Tunaazimana spana."

Huyo ndiye shahidi mtaalamu wetu. Mdomoni anamnyonga mwenzake, kwenye karatasi hajawahi hata kumsikia. Ndipo nikashauriwa nimwendee mwalimu wa VETA. Chuo kipo hapahapa Babati, na mwalimu haazimani spana na mtu. Ushauri mzuri. Sikuelezwa tu gari litafikaje chuoni wakati limelala bila hedi uani kwa mdaiwa.

Kituoni afande alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari ambalo hakuwa ameandika kitu. "Mzee, hili ni shauri la madai, si jinai. Angekuibia gari tungemkamata. Yeye kalitengeneza vibaya." Alikuwa sahihi kabisa, na usahihi wake haukunisaidia lolote. Nilipofika mlangoni akaongeza, kwa wema, "Umejaribu kumrudishia fundi aangalie?"

Mwenyekiti wa mtaa alituita wote wawili, akatukalisha kwenye benchi moja, akatukumbusha kwamba Babati ni ya watu wote, Wagorowa, Wairaqw, Wabarbaig, Warangi na waliokuja na mabasi, na hatujawahi kupigana kwa sababu ya chuma. Fundi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao gerejini hajawahi kuuonyesha. Wazee wakasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kwangu mimi yajayo yalikuwa gasketi nyingine, kwa hiyo sikuona nafuu. Azimio la kikao: fundi arudie kazi bure, mimi ninunue spea upya. Bure yenyewe ndiyo hiyo. Kazi yake ilikuwa nafuu kuliko mengineyo yake.

Nikarudi kibarazani kwa mwanasheria wangu wa Mzumbe, ambaye ada yake ni chai na mihogo. Akaniambia hasara yangu ina makundi mawili. Kuna gharama ya kutengeneza upya, hiyo haina ubishi mkubwa. Halafu kuna hasara ya safari: lori la kuvuta, sare zilizofika send-off imekwisha, na michango ya sare niliyotakiwa kuirudisha. Hiyo ya pili inatawaliwa na kesi ya Uingereza ya mwaka 1854, Hadley dhidi ya Baxendale. Wenye kinu cha kusaga nafaka huko Gloucester walivunjikiwa mhimili wa injini, wakaukabidhi kwa wasafirishaji uende Greenwich ukatumike kuwa kielelezo cha kutengenezea mpya. Wasafirishaji wakachelewesha. Kinu kikakaa kimya, wenye kinu wakadai faida waliyokosa, mahakama ikawanyima: hamkuwaambia wasafirishaji kwamba bila mhimili ule kinu chote kimesimama. Hasara inayolipwa ni ile inayotokana na jambo lenyewe kwa kawaida, au ile ambayo pande zote mbili ziliijua wakati wa kupatana. Kanuni hiyo imo ndani ya kifungu cha 73 cha sheria yetu.

Nilisimama na kikombe mkononi. Aliijua! Nilimwambia! Kondoa, send-off, sare za kamati, mbele ya mashahidi! Akanijibu hata Kampala inafika! Wale wasagaji wa Gloucester wangekuwa na fundi wa Babati wangeshinda kesi asubuhi.

"Shahidi ni nani?" kijana akauliza.

Shahidi ni saidia fundi, yule aliyening'inia kwenye bomba. Nilipomtafuta nikaambiwa amehamia mgodini Mirerani. Mirerani, Simanjiro, ardhini huko kwenye Tanzanite. Samansi inamfikiaje mtu aliyeko chini ya mwamba?

Hata hivyo nilikwenda Mahakama ya Mwanzo. Watu wanaiogopa bure. Madai ya deni la mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30 yanaanzia pale, lugha ni Kiswahili, na hakuna wa kukutupia Kilatini. Karani akanipokea vizuri, akachukua kalamu, akauliza kama nina maandishi yoyote. Nikatoa mfuniko wa boksi. Akausoma mbele, akaugeuza nyuma ambako palichorwa picha ya filta, akausoma tena. "Hii mengineyo ni nini?" Nikamwambia ndiyo kitu kimojawapo nilichokuja kuuliza mahakama.

Wenzetu Wakenya, ambao ukitoka Babati ukapita Arusha unawafikia Namanga, wamelimaliza jambo hili kwenye karatasi. Sheria yao ya Kulinda Walaji ya 2012 ina sehemu nzima ya matengenezo ya magari. Fundi atoe makadirio kwanza, na bei asiipandishe zaidi ya asilimia kumi juu yake. Spea alizozitoa akurudishie. Ile ndoo isingekuwa duka. Na spea mpya alizofunga pamoja na kazi ya kuzifunga zina dhamana ya siku 90 au kilomita 5,000, apende asipende, hata asiposema "mimi nipo". Sijui kama fundi wa Kajiado anaifuata. Lakini mteja wa Kajiado anapogombana na fundi ana namba ya kushika. Mimi nina kofia ya sufu ya kushika, na mwenyewe ameivaa.

Ninachokitaka si kikubwa. Sitaki gereji zifungwe. Tukifunga gereji za Babati magari yote yataota nyasi kutoka Minjingu hadi Katesh. Wengi wao walifunzwa na bomba na spana tangu utoto, na wakati mwingine mikono yao inajua mambo ambayo kitabu hakijui. VETA wanao utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Basi halmashauri inapokuja kudai ushuru na leseni, iulize swali moja zaidi: bango la dhamana liko wapi? Siku 90, kilomita 5,000, jina, tarehe, spea gani, imenunuliwa wapi, na ile ya zamani amepewa nani. Nusu karatasi ya daftari inatosha. Sasa hivi dhamana ya gari inaanza pale fundi anapopiga honi ya majaribio na kuisha gari linapotoka getini.

Fundi alipopata samansi alikuja nyumbani usiku, kofia mkononi kwa mara ya kwanza, nikagundua ana upara. "Bosi, samansi ya nini sasa? Sisi si watu wa kuongea?" Tukaongea. Safari hii karatasi ilikuwepo mezani, na mtoto wa Mzumbe ndiye mwandishi. Fundi alikubali hedi ikachongwe kwa gharama yake, na lori anirudishie kidogokidogo kwa simu. Sare za kamati tulizisamehe. Hata kule Gloucester zingetushinda.

Analipa. Kila akituma anakata ya kutolea, na mara moja alituma nusu na maelezo kwamba nusu nyingine ni mengineyo. Juzi kaambatanisha na ujumbe: "Bosi nimeona taa yako ya nyuma haiwaki. Nipitie Jumamosi nikuangalizie?"

Nimemjibu apitie, ila aje na kalamu.